Hesabu, mshahara au mkataba: dereva wa daladala Mwanza achukue gari kwa mapatano gani

Dereva mwenye leseni ya kubeba abiria anayetafuta gari la kuendesha jijini Mwanza hukutana na mapatano ya aina tatu. Ya kwanza ni hesabu: tajiri, yaani mwenye gari, humkabidhi gari alfajiri na kudai kiasi maalumu usiku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki ya dereva na kondakta wake. Ya pili ni mshahara, unaotolewa zaidi na kampuni na vyama vya ushirika vyenye magari makubwa. Ya tatu ni mkataba, kwa maana waliyoizoesha waendesha bodaboda na bajaji: unalipa kila siku kwa muda mliokubaliana, kisha chombo kinakuwa chako. Niliendesha haisi, basi dogo, kwa hesabu kati ya Kisesa na mjini kwa miaka saba, nikaajiriwa kwa mshahara kwenye Kosta, basi kubwa zaidi, kwa miaka mitano, na mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa mkataba. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu aliyeitwa na tajiri na anatakiwa kutoa jibu wiki hii.

Wengi wetu hulinganisha mapatano haya kwa kuuliza ni yapi yanayolipa zaidi, na jibu hutoka kwenye kumbukumbu ya siku nzuri: shule zinapofunguliwa, Jumamosi ya harusi, mwisho wa mwezi. Mimi nimejifunza kuuliza kwanza siku mbaya inakuwa ya nani. Mwanza ina siku mbaya zake. Jiji limekaa kati ya ziwa na vilima vya mawe, kwa hiyo magari ya upande wa Kisesa, Igoma na Buzuruga huingia mjini kwa barabara moja kuu kupitia Mabatini, na ya upande wa Buhongwa, Mkolani na Nyegezi huingia kwa nyingine kupitia Mkuyuni na Igogo. Lori moja likikwama hapo, mchepuko wa maana haupo. Mvua kubwa ikinyesha na Mto Mirongo ukafurika, tripu tano hugeuka mbili, na rejeta ikipasuka hakuna tripu kabisa. Siku hizo zipo kwa idadi ileile katika mapatano yote matatu. Kinachotofautiana ni mfuko unaozilipia.

Siku nzuri na siku mbaya kwa tarakimu

Tuchukue tarakimu za mfano, na msomaji aweke za ruti yake. Haisi imekusanya shilingi 150,000 kwa siku. Mafuta yamekula 65,000, hesabu ya tajiri ni 45,000, na 10,000 zimekwenda kwa wapiga debe, kuosha gari na chakula cha wawili. Zimebaki 30,000, kondakta anachukua 12,000 na dereva 18,000. Hii ndiyo siku ambayo tajiri huisimulia anapokushawishi uchukue gari lake.

Sasa makusanyo yashuke hadi 115,000 kwa sababu ya mvua. Mafuta yanapungua kidogo tu, tuseme 60,000, maana gari linalosimama kwenye foleni nalo linakunywa. Hesabu iko palepale, 45,000, na zile 10,000 zimeshatoka. Hakuna kilichobaki. Makusanyo yamepungua kwa chini ya robo, lakini mapato ya dereva yamekwisha yote, huku ya tajiri hayakuguswa hata shilingi moja. Faini ya trafiki ya shilingi 30,000 kwa kosa moja ina matokeo yaleyale hata siku ambayo jua limewaka na abiria wamejaa: inameza fungu lote la dereva na kondakta. Na siku ambayo makusanyo hayakufikia hata mafuta na hesabu, pungufu huandikwa deni, ukaamka kesho ukiwa unadaiwa kabla hujawasha gari.

Dereva wa hesabu amebanwa na bei tatu, na hata moja haiko mikononi mwake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Mwanza hubeba pia gharama ya safari ndefu kutoka bandarini. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hesabu hupangwa na tajiri, ambaye mara nyingi naye ana marejesho ya mkopo. Mafuta yakipanda, nauli haipandi siku hiyo, na hesabu haishuki. Kinachoweza kunyumbulika ni mwendo, idadi ya abiria wanaosimama na saa za kulala. Ndiyo sababu sikubali dereva akihukumiwa peke yake kwa kumwacha mwanafunzi kituoni. Nauli ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200 hata nauli za watu wazima zilipopandishwa Desemba 2023, na kila kiti anachokalia mtoto katika saa za asubuhi kinalipiwa tofauti yake na mtu mwenye hesabu ya kufunga. Kumwacha mtoto ni kosa, na nililifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tangu nilipoanza kulipwa mshahara sikulifanya tena, ingawa tabia yangu ilikuwa ileile.

Tulinganishe na mshahara wa mfano wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukatwa asilimia 10, yaani 40,000. Zinabaki 360,000 za kutozwa kodi. 270,000 za mwanzo hazitozwi, na zile 90,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi inafika 352,800. Dereva wa hesabu aliyefanya kazi siku 26, siku 20 zikiwa nzuri na sita mbaya, anapata 360,000. Tofauti ni shilingi 7,200 tu. Lakini yule wa mshahara ana 80,000 zilizoingia NSSF mwezi huo kwa jina lake, kwa sababu mwajiri naye anaongeza asilimia 10 yake, na hilo kwa mwaka ni 960,000. Dereva wa hesabu anayesema anamzidi mwenzake wa mshahara amehesabu siku zake zote 26 kuwa nzuri, yaani 468,000. Mimi katika miaka saba sikuwahi kuuona mwezi wa namna hiyo.

Saa za kazi

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko fedha. Nikiwa kwenye hesabu nilitoka nyumbani saa kumi alfajiri ili niwahi abiria wa soko la Mwaloni, Kirumba, wanaofuata dagaa kabla hakujapambazuka, na nilirudi saa mbili usiku au zaidi. Hizo ni saa 16 kwa siku, saa 96 kwa siku sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, zilipwe mara moja na nusu, na siku nzima pamoja na za ziada isivuke saa 12. Mfanyakazi apewe mapumziko ya saa moja baada ya saa tano mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Ukigawa zile 18,000 za siku nzuri kwa saa 16, dereva wa hesabu amelipwa 1,125 kwa saa. Mshahara wa 400,000 kwa wiki ya saa 45 ni zaidi ya 2,050 kwa saa.

Abiria anapaswa kulijali hili kama dereva mwenyewe. Mtu aliyekaa kwenye usukani tangu saa kumi alfajiri hana macho ya kutosha saa moja jioni pale Buzuruga, bodaboda zinapochomoza kila upande. Wala mapatano ya saa 16 hayana nafasi kwa mama mwenye mtoto mchanga, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwaona wanawake wachache mno kwenye usukani wa daladala. Mwanamke aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi kisheria, lakini tajiri wa hesabu humtafuta dereva mwingine siku ya kwanza tu.

Mshahara una kasoro zake, nami nitazisema kwa sababu nimeziishi. Kasoro ya kwanza ni kwamba nyumba ya dereva imezoea fedha ya kila siku: sukari, mkaa na ada ya tuisheni vinalipiwa jioni. Miezi mitatu ya mwanzo ya mshahara ilinitesa mpaka mke wangu alipoingia mchezo wa wiki, wa kuchangiana fedha kwa zamu, na kina mama wa mtaani. Kasoro ya pili ni kuchelewa kwa malipo pale kampuni inapoyumba. Ya tatu ni mbaya zaidi, nayo ni mshahara wenye hesabu ndani yake: mwajiri anakupa barua ya ajira, kisha anakuwekea lengo la makusanyo na kukukata mshahara usipolifikia. Huo ni mfumo wa hesabu uliobadilishwa jina tu. Sheria inaruhusu makato ya hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa masharti: aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mvua ya Mirongo haiwezi kuitwa hasara aliyoisababisha dereva.

Karatasi iliyobaki kabatini

Tajiri wangu wa pili alinipa mkataba wa ajira nisaini siku alipokuwa akikamilisha nyaraka za gari. Ulikuwa umechapwa vizuri, una mshahara, una likizo. Nakala sikupewa. Kesho yake niliendelea na hesabu kama kawaida, na mshahara ule sikuuona hata mwezi mmoja. Nilipougua na kulala siku tisa, nilirudi nikamkuta dereva mwingine kwenye kiti changu. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mimi na tajiri tulikuwa washirika wa biashara, na ushirika umekwisha. Nilikubali kwa sababu niliamini ndivyo ilivyo.

Haikuwa hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, katika kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anamtegemea mtu huyo kwa kipato, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au anapewa vitendea kazi. Dereva wa hesabu hupewa gari, hupangiwa ruti na hutegemea tajiri mmoja. Angeweza kupeleka shauri la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Mimi nililijua hilo baada ya miezi minne. Aliyefanya kazi mwaka mzima mfululizo anaweza pia kustahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Kwa mgonjwa, sheria inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya siku hizo kwa malipo kamili na nusu kwa nusu malipo. Siku zangu tisa zilikuwa ndani ya haki hiyo kwa mbali sana.

Madai haya si mapya. Madereva na makondakta wa Dar es Salaam waliunda umoja wao, UWAMADAR, mwaka 1997, na Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma katika miji mingi, mikataba ya ajira ikiwa miongoni mwa madai yao. Haki ya mkataba waliyoidai ilikuwa tayari imeandikwa kwenye sheria kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo dereva anapolinganisha hesabu na mshahara, alinganishe kinachofanyika barabarani, maana karatasi ya tajiri wa hesabu inaweza kusomeka sawasawa na ya kampuni. Mwajiri wa kweli anatambulika kwa nakala anayokupa siku hiyohiyo, kwa namba yako ya NSSF inayoonyesha michango kila mwezi, na kwa kuwa amesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Bima ya lazima ya gari inawalenga watu wengine wanaoumia. Dereva aliyevunjika mguu akiwa kwenye hesabu hutibiwa kwa michango ya kijiweni.

Mkataba wa kumiliki gari

Mapatano haya yana mvuto kwa sababu mwisho wake una jina lako. Mdogo wangu hufunga mkanda kwa furaha ambayo mimi sikuwa nayo. Hata hivyo tarakimu zisomwe. Tuseme haisi imenunuliwa kwa 30,000,000, na dereva atalipa 50,000 kwa siku 26 za mwezi kwa miezi 36. Jumla ni 46,800,000, yaani 16,800,000 juu ya bei. Kwa miezi hiyo yote matairi, spea na fundi ni juu yake, na siku anayokabidhiwa kadi ya umiliki, gari limezeeka miaka mitatu ya barabara za Igoma. Bado inaweza kuwa biashara nzuri kwa dereva anayejua ufundi na mwenye akiba ya miezi miwili.

Hatari iko kwenye mwezi wa 30. Mikataba mingi niliyosomewa inasema dereva akikosa malipo kwa siku kadhaa, mwenye gari analichukua, na haisemi chochote kuhusu fedha zilizokwisha kulipwa. Injini ikifa wakati huo, aliyelipa 39,000,000 anaweza kubaki mikono mitupu. Siku mbaya hapa ni ya dereva kuliko hata kwenye hesabu, kwa kuwa wa hesabu akirudisha ufunguo anapoteza siku moja, na wa mkataba anapoteza miaka. Kabla ya kusaini, yaandikwe mambo matatu: gari likiwa gereji kwa zaidi ya siku kadhaa malipo yasimame na muda usogezwe; mwenye gari akilichukua, sehemu ya kilicholipwa irudishwe; na bima iwe kubwa, si ya watu wengine tu, pamoja na nani atakayelipwa fidia yake gari likiteketea.

Kuhusu deiwaka, yaani kumshikia mwenzako gari siku anayopumzika, sina mengi. Inafaa kwa kijana anayejifunza ruti, lakini haifai kuwa kazi ya mtu mwenye watoto.

Ruti zinapobadilika

Uamuzi wa leo uangalie pia mabadiliko yanayokuja. Stendi za mabasi ya mikoani sasa ziko Nyegezi na Nyamhongolo, hivyo abiria mwenye mizigo ambaye zamani alishukia katikati ya jiji huhitaji daladala ya kumfikisha. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko. Mabadiliko ya namna hii huongeza tripu kwa wengine na kupunguza kwa wengine, na uzoefu wangu ni kwamba tripu zikiongezeka hesabu hupandishwa ndani ya mwezi, zikipungua hushushwa kwa kubembeleza. Dereva wa hesabu aweke sharti mapema: ruti au vituo vikibadilishwa, hesabu ikae mezani upya.

Badiliko kubwa zaidi ni la ukubwa wa magari. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam Mei 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia hizo na kuhamishiwa ruti nyingine. Basi lile refu hubeba takriban watu 150, sawa na haisi kumi, na lina dereva mmoja. Mwanza bado haijafika huko, lakini Kosta zimeshaanza kuchukua nafasi ya haisi kwenye njia kuu, na kila hatua inapunguza idadi ya viti vya dereva na kuongeza idadi ya vile vya mshahara. Watakaochaguliwa ni wenye vyeti vya mafunzo ya udereva wa magari ya abiria, kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au vyuo vya ufundi vya VETA, na wenye leseni isiyo na madoa. Hesabu, kwa namna inavyomsukuma dereva kukimbia, ndiyo inayochafua leseni.

Nani achukue ipi

Kijana wa miaka ishirini na kitu asiye na watu wanaomtegemea, na ambaye hajapata ajira, anaweza kuchukua hesabu kwa mwaka mmoja au miwili, akaijua barabara na kujisajili NSSF mwenyewe kama mwanachama wa sekta isiyo rasmi. Nisingemshauri kuzidi hapo. Fundi mwenye akiba, aliyeona kadi ya gari kwa macho yake na kuandikiwa yale mambo matatu, achukue mkataba. Mwenye familia achukue mshahara, hata ukiwa mdogo kuliko anachokisikia kijiweni.

Kwa aliyefika miaka 45 sioni chaguo la pili. Pensheni ya uzee ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni 60. Aliyeanza kuchangia akiwa na 45 ana miezi 180 kamili mbele yake, bila mmoja wa ziada. Akiitwa na kampuni wiki hii na mshahara ukawa chini ya alichotarajia, ajadiliane saa za kazi na tarehe ya malipo, aombe nakala yake kabla hajashika ufunguo, na mwezi ukiisha aende ofisi ya NSSF kuhakikisha mchango wa kwanza umeingia.